Mahubiri Juu ya Ala: Matini, Toleo na Umilikaji katika "Can You Feel It"

Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kuitambua kazi simulizi kwa sifa tatu: huishi katika utendaji, hubadilika kila inapotendwa, na ni mali ya jamii. Sifa mbili za kwanza zinafafanua vyema historia ya "Can You Feel It", mojawapo ya kazi za awali za muziki wa hausi wa Chicago, Marekani. Makala hii inajadili kuwa sifa ya tatu haitoshi, na kwamba kuikubali bila kuihoji humfuta mtunzi.

Kazi hiyo ilitolewa katika santuri mwaka 1986 na lebo ya Trax Records. Mtunzi wake, Larry Heard, aliyetumia jina la kisanaa la Mr. Fingers, alikuwa mpiga ngoma kabla ya kugeukia ala za kielektroniki. Kwa kinanda cha Roland Juno-60 na mashine ya midundo ya Roland TR-909, aliunda besi inayojirudia na sauti ndefu za kinanda zinazotanda juu yake. Toleo hilo halina neno hata moja. Matini pekee ya lugha ni anwani yake, nayo ni swali ambalo kiwakilishi chake, kilicho katika nafasi ya yambwa, hakina kirejelewa. Kinachohisiwa hakitajwi, mchezaji hulijibu swali kwa mwili.

Matoleo yaliyofuata yalilijaza pengo hilo. Mwaka 1987 Rhythm Controll walitoa "My House", ambamo Chuck Roberts anaghani kwa mtindo wa mhubiri. Baadaye sauti yake ilipachikwa juu ya ala za Heard. Mahubiri hayo yanaiga simulizi ya uumbaji ya Biblia: hapo mwanzo yuko Jack, naye kwa tamko lake hausi inazaliwa. Katika misimu ya klabu za Chicago, neno hilo ni kitenzi kinachotaja namna ya kucheza. Kitenzi kimefanywa jina, na jina likafanywa mhusika. Kwa tashihisi hiyo, tendo la wachezaji linakuwa muumba wa muziki wao. Jina la muziki nalo linachezewa kwa maana yake ya kawaida: hausi ni nyumba iliyo wazi kwa watu wa rangi na imani zote.

Toleo jingine linatumia hotuba ambayo Martin Luther King aliitoa Washington tarehe 28 Agosti 1963. Ala ni zilezile, lakini kirejelewa kimehama kutoka furaha ya dansi hadi haki ya raia. Utaratibu huu si mgeni kwa waimbaji wa Kiswahili, ambao hutia maneno mapya katika mahadhi ya zamani. Tofauti ni kwamba fanani wa Kiswahili yupo mbele ya hadhira yake, ilhali Roberts na King ni sauti zilizohamishwa. Anayesoma hadhira na kuamua toleo lipi lisikike ni mchezesha santuri.

Hapa ndipo dhana ya mali ya jamii inapokwama. Santuri ina mtunzi, lebo na mkataba. Mwaka 2020 Heard na mwimbaji Robert Owens waliishtaki Trax Records kuhusu haki za rekodi zao. Mwaka 2022 shauri lilimalizwa kwa makubaliano, na haki hizo zikarejea kwao. Wachezaji waliijalia kazi hii maana nyingi, lakini hawakuitunga. Kwa hiyo, uhakiki hauna budi kutenganisha umilikaji wa maana, ambao ni wa jamii, na umilikaji wa kazi, ambao una jina. Utenganisho huo unamhusu pia mtafiti anayerekodi ngoma au utenzi: akiiandika kazi kuwa ya jamii bila kumtaja fanani, anakuwa ameamua suala la haki kabla halijaulizwa.