Nani Anaitikia? Mashine, Sauti na Hadhira katika Muziki wa Makadara

Lawama inayotolewa mara kwa mara dhidi ya kompyuta katika muziki wa Nairobi ni kwamba imeua ufundi wa kupiga ala. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila haigusi kiini. Kilichotikiswa zaidi ni uhusiano wa kiongozi wa wimbo na waitikiaji wake, uhusiano ambao wanafunzi wa fasihi simulizi wanaujua vyema.

Katika benga, gitaa huitikia sauti: mwimbaji anapomaliza mstari, mpigaji huuchukua na kuurudia kwa nyuzi, na aweza kuchelewa, kuharakisha, hata kumkejeli mwenziwe. Mdundo wa genge haujibu, hujirudia. Clemo aliufuma katika miaka ya mwanzo ya 2000 kwenye Calif Records, studio iliyopewa jina la mtaa wa California, usio mbali na Makadara. Ndani ya marudio hayo Jua Cali alipata kitu ambacho mtunzi wa tenzi angekitambua mara moja, yaani mizani isiyoyumba, ambayo Sheng, pamoja na silabi zake zilizokatwa na kupinduliwa, iliweza kupimwa nayo. Huu ni utajiri wa fani ambao uhakiki umeupita kwa haraka mno. Lakini anayeitikia humo mara nyingi ni mwimbaji yuleyule, sauti yake imerekodiwa juu ya sauti yake. Katika "Uhiki" wa Hardstone, wa miaka ya 1990, mwitikiaji ni wa ajabu zaidi: mashine inamrejesha Marvin Gaye, aliyefariki mwaka 1984, kwa wimbo wa 1982 ambao nao ulipigiwa ngoma na mashine.

Ni kosa, basi, kuhakiki nyimbo hizi kwa kaseti au maneno yaliyonakiliwa karatasini, kama ilivyo desturi ya tasnifu nyingi. Utendaji wake ulikamilikia barabarani. Katika matatu za namba 58 za Buruburu, spika zilezile zinazolaumiwa kwa kelele ziliwarudisha waitikiaji: makanga akigonga bodi ya gari kwa mdundo, wanafunzi wa viti vya nyuma wakimalizia mstari kabla ya mwimbaji. Dereva alipopunguza sauti ghafla kwa kuwaona polisi, wimbo uliendelea kidogo vinywani mwa abiria, wenye kasi tofauti kidogo na ile ya mashine.