The Rear Guard: ABC Ilivyoanzia Msimu wa Sita

Mashabiki wa komedi za Uingereza walioko Marekani wana udhaifu mmoja: kitu kikishapotea, kinakuwa kizuri. Kipindi cha majaribio (pailoti) kilichokataliwa kikifutwa kwenye mkanda, kinapata heshima ambayo hakikuipata siku kilipoonyeshwa. The Rear Guard, toleo la Kimarekani la Dad's Army, komedi ya Uingereza kuhusu kikosi cha walinzi wa kujitolea wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndio mfano nisiochoka kuutaja. Kituo cha televisheni cha ABC kiliirusha mara moja, tarehe 10 Agosti 1976. Mikanda ikafutwa, ikasalia nakala aliyojiwekea mwongozaji Hal Cooper. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shabiki mmoja akaifikia, na tangu hapo waliobahatika kuitazama wanabishana juu ya waigizaji: Cliff Norton (Kapteni Rosatti) si Arthur Lowe (Kapteni Mainwaring), Lou Jacobi (Raskin) si John Le Mesurier (Wilson).

Ubishi wa bure. Kipindi kile hakikuponzwa na waigizaji. Kiliponzwa na uamuzi wa kutengeneza pailoti kutokana na "The Deadly Attachment", kipindi kimoja cha Dad's Army.

"The Deadly Attachment" ilionyeshwa Oktoba 1973, ikafungua msimu wa sita. Tukio lenyewe mnalijua. Mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani wako chini ya ulinzi katika ukumbi wa kanisa, na nahodha wao, Philip Madoc, anaandika orodha ya watakaoadhibiwa Ujerumani ikishinda vita. Pike, kijana wa kikosi cha Mainwaring, anaimba wimbo wa kumkejeli Hitler. Nahodha anamuuliza jina. Mainwaring anadakia kumkataza kijana asilitaje, na katika katazo lenyewe analitaja yeye.

Sasa tulifungue tukio hilo kama fundi anavyofungua saa. Kutajwa kwa jina peke yake hakuchekeshi kitu. Mtoto wa shule angeweza kuutunga mzaha huo. Kinachochekesha ni aliyeropoka. Tangu 1968 tumemwona meneja huyu wa benki akijikweza na kumwona Pike, karani wake, kuwa mjinga asiye na dawa. Leo mjinga amefunga mdomo na mwenye akili ndiye anayemsaliti. Tazameni pia Lowe anavyolitoa lile neno. Havuti pumzi, hamtayarishi mtazamaji, hamkonyezi. Analitoa upesi, kwa sauti ya amri, kama mtu aliyeamini kabisa kwamba ameokoa jahazi. Waandishi Perry na Croft walikilimbikiza kicheko kile kwa misimu mitano, kisha wakakitumia chote kwa mpigo.

ABC ilitaka kutumia bila kulimbikiza. Mtazamaji wa Marekani amekutana na Kapteni Rosatti muda mfupi uliopita. Hajui anajivunia nini, hajui vijana wake ni akina nani kwake, hajamwona akimdharau hata mmoja. Mtu huyo akiropoka jina, basi ni mtu ameropoka jina. Halafu kuna Wajerumani, ambao hadithi hii haiendi bila wao, na ambao wanakula muda uliokuwa haki ya wenyeji. Pailoti ni ya kututambulisha watu tutakaorudi kwao kila wiki. Hii ilitutambulisha kwa wageni wasiorudi.

Na kipindi cha kufaa kilikuwepo. "The Man and the Hour", kile cha kwanza cha 1968, kinatuonyesha Mainwaring akijipachika ukapteni mbele ya macho yetu, huku Wilson, aliyelelewa kibwana kuliko yeye, akibaki chini yake benki na jeshini. Nusu saa tu, na uhusiano huo ukaja kubeba vipindi 80. Mtanijibu kwamba ABC ilichagua kipindi bora zaidi. Ubora wake ndio uliowaponza.

Kosa la kuihamishia hadithi Long Island nalo lilizaliwa hapo hapo. Kiangazi cha 1940 Ufaransa ilikwisha kuanguka, na pwani ya kusini mwa Uingereza ilikuwa ikimngoja adui aliyesimama ng'ambo ya mlango wa bahari, kiasi cha kilomita 33 pale panapobana. Mzaha wa Walmington, mji wa kubuniwa wa Dad's Army, ulikaa juu ya hofu ya kweli. Long Island ilikuwa na Atlantiki nzima mbele yake. Kuna wanaoitetea kwa kukumbusha kwamba Juni 1942 wahujumu wanne wa Kijerumani walishushwa na nyambizi Amagansett, kwenye kisiwa hicho hicho, wakakutana na mlinzi wa pwani usiku huo huo. Ni kweli, na utetezi huo unawamaliza. Kisa cha nyumbani kilikuwa mlangoni, nao wakaagiza cha Uingereza.

Lou Jacobi alijitahidi. Tuendelee.

Kuhusu kuondoa matabaka na kuweka asili za watu mahali pake, Rosatti Mwitalia na Raskin Myahudi, nimelalamika vya kutosha siku za nyuma. Nimelalamika pia kuhusu Amanda's ya 1983, pale ABC hii hii ilipoichukua komedi ya Uingereza Fawlty Towers ikamwondoa Basil, mhusika wake mkuu. Na anayedhani dawa ni kunakili kipindi cha kwanza neno kwa neno aitazame The IT Crowd ya NBC, iliyomleta hata Richard Ayoade mwenyewe kutoka toleo la Uingereza na bado haikurushwa.

Mtayarishaji wa Marekani Norman Lear aliijua kazi. Komedi ya Uingereza Till Death Us Do Part aliitengenezea pailoti tatu. ABC ilikataa ya 1968, ikakataa ya 1969. Waigizaji wakuu, Carroll O'Connor na Jean Stapleton, hakuwagusa. Aliwabadilisha waigizaji wa wale vijana wawili mpaka akawapata Rob Reiner na Sally Struthers, na Januari 1971 CBS ikairusha All in the Family. Mwaka uliofuata Steptoe and Son, komedi nyingine ya Uingereza, ikahamia Watts, Los Angeles, ikapewa Redd Foxx, na hakuna aliyeuliza tena habari za jaribio la 1965 la Lee Tracy na Aldo Ray. Hal Cooper mwenyewe alikuwa akiongoza Maude, mtoto wa All in the Family. Shule hiyo aliijua.

Wala ABC haiwezi kusingizia haraka. Komedi ya Uingereza Man About the House iliifanyia pailoti tatu, ikibadilisha wasichana huku John Ritter akibaki, na Machi 1977 ikapata Three's Company. The Rear Guard ilipewa moja, ikazikwa Agosti, mwezi ambao vituo vya Marekani vilikuwa vikimalizia vipindi visivyovitaka.

Wawindaji wa mikanda waendelee kuwinda. Chateau Snavely ya 1978, jaribio jingine la Fawlty Towers, na Harvey Korman wake na Betty White wake, ningependa kuiona hata mimi. Lakini wakikipata kitu, wasianze kupima nani anafanana na nani. Waulize kwanza mtazamaji wa usiku ule mmoja alipewa sababu gani ya kumjua mtu huyu kabla ya kutakiwa amcheke. Kwa The Rear Guard, hakupewa hata moja.