Msichana shujaa: upinde peke yake hautoshi

Hapa kwetu, mwenye kujua hadithi ya Mwindo anashika jina la Mwindo tu. Lakini mu usimulizi wa mzee Candi Rureke, ulioandikwa kwa Kinyanga mwaka 1956, kuko pia Kahindo, binti ya Muisa, kule chini ya udongo. Ni yeye anamwonya Mwindo: baba yangu akikupa kiti, usikae, akikupa pombe, kataa. Mwindo anapona, anaendelea na njia yake. Kahindo anabakia. Hakuna mtu anauliza habari yake tena.

Je, hadithi mpya, zile za maajabu na za wakati ujao, zinamtendea msichana vizuri zaidi? Wanafunzi wetu wanapenda filimu The Hunger Games ya mwaka 2012, iliyotoka mu kitabu cha Suzanne Collins wa Marekani. Katniss, wa miaka 16, anajitoa pahali pa mdogo wake kuingia mu mchezo wa kuuana. Upinde anaujua, akili iko. Lakini tulipozungumza darasani, swali la kwanza lilikuwa: atachukua kijana gani kati ya wale wawili? Tusiwalaumu wanafunzi. Katniss mwenyewe analazimika kuonyesha mapenzi mbele ya watazamaji ili atumiwe msaada. Mwandishi anakemea jambo hilo, lakini filimu inatukalisha sisi pamoja na watazamaji wale.

Sisi tunaona afazali Binti, kitabu cha Nnedi Okorafor cha mwaka 2015. Binti ni wa Wahimba, wale wa Namibia. Anajua hesabu kupita wengi, anatoroka usiku kwenda chuo kikuu cha sayari ya mbali. Amebeba otjize, udongo mwekundu ambao mama zake wanajipaka. Njiani maadui wanaua wenzake. Yeye anakuwa mpatanishi, na otjize ile inaponya vidonda vya maadui. Basi desturi siyo mzigo, inakuwa dawa. Ila kitabu kinapita mbio juu ya wafu. Sisi tunaojua matanga, amani ya haraka namna ile haitushibishi.

Wazazi na walimu wenzetu, tukisimulia Mwindo, tusimame kidogo kwa Kahindo. Tuulize watoto: yeye aliamua nini? Na kisha alienda wapi? Msichana anayesikia hayo darasani atajua kama hata yeye iko na njia yake.