Kabla ya Kushika Spana

Gari lililozimikia kwenye uwanja wa mbio huletwa gereji likiwa limekwisha kuhukumiwa. Marafiki waliokuwepo wameusikia mlio, wamesema imenoki, na kwao kesi imefungwa: injini ishushwe, nyingine itafutwe Kirinyaga Road, gari lirudi barabarani. Fundi ninayemwandika hapa, mzee mwenye gereji katika Eneo la Viwandani jijini Nairobi, hakatai kwamba imenoki. Anachokataa ni kuifungua kabla ya kuuliza kwa nini. Injini nyingine ikiwekwa palipofia ya kwanza na sababu haijulikani, itakufa kifo hicho hicho.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza yenye injini ya EJ20: sentimita za ujazo 1,994, turbo, na silinda 4 zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Nairobi ina magari mengi ya aina hii, na vijana huyapenda kwa mbio za kushindana na saa kwenye lami.

Kazi ilianza kwa maswali. Fundi alivuta stuli, mwenye gari akakalia tairi, daftari la shule likafunguliwa. “Kijana wangu, nieleze tangu asubuhi ile.” Oili ilibadilishwa lini? Ulipima kabla ya kuingia uwanjani? Tairi zilikuwa zipi? Mlio ulianza kwenye kona au kwenye mnyooko? Ulipoondoa mguu kwenye mafuta, ulizidi au ulipungua? Kijana alijibu bila kuficha. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili za kijiti. Tairi zilikuwa mpya, za mpira laini unaoshika sana. Alikimbia raundi nyingi mfululizo, na kona ndefu kuliko zote ilipinda kulia. Mlio aliusikia mara ya kwanza alipotoka kwenye kona hiyo na kukanyaga mafuta. “Halafu mzee, kuna wakati taa ya oili ilimulika ikazima. Nilidhani ni waya.”

Fundi aliandika bila kuinua macho. Baadaye nilielewa uzito wa jibu lile la mwisho. Taa ya oili haiwaki presha ikipungua kidogo. Huwaka presha ikiwa karibu imeisha. Kuiona ikimulika huku injini inazunguka kwa kasi kubwa ni ushahidi mzito, na ungepotea kama angeanza na spana.

Kisha akasikiliza. Kwanza alivisha soketi kwenye bolti ya mbele ya krenki akaizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, mkono ukitafuta mahali pa kukwama. Haikukwama. Ndipo akaruhusu iwashwe kwa muda mfupi mno. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa injini, mpini akauweka sikioni, huku msaidizi wake akichomoa soketi za injekta, moja baada ya nyingine. Silinda isiyopata mafuta haisukumi pistoni, kwa hiyo beringi yake hupumzika na mlio hulainika. Ya 1, hakuna tofauti. Ya 3, hakuna. Ya 2, hakuna. Ya 4 ilipochomolewa, mlio ule mzito ukafifia. “Zima,” akasema. Hakuiwasha tena.

Oili aliimwaga kwenye jagi lenye alama za ujazo, akiipitisha kwenye kitambaa cheupe. Hapa ndipo mafundi wengi huweka beseni kuukuu na kuendelea na mazungumzo. Yeye alinusa: haikunuka petroli. Akatazama rangi: haikuwa na weupe wa maziwa, yaani maji ya rejeta hayakuingia. Kitambaani zilibaki chembe zinazometa rangi ya shaba. Kisha akasoma jagi. Injini hii hujazwa zaidi ya lita 4. Jagi lilionyesha chini ya 3. Akarudisha macho kwenye daftari, akapigia mstari neno “katikati”.

Filta nayo haikutupwa. Aliikata kwa kikatio cha gurudumu, akikwepa msumeno kwa sababu msumeno huacha unga wa chuma wake mwenyewe na kuchafua ushahidi. Karatasi ya ndani aliikunjua, akaibana kwenye jiliwa mpaka oili ikatoka, akaitandaza juani. Ilijaa vipande vyembamba. Alipitisha sumaku juu yake, karibu sana bila kugusa, na vingi havikusogea. Havikuwa chuma. Ilikuwa ngozi laini ya beringi pamoja na tabaka la shaba lililo chini yake.

Kufikia hapo mimi ningeridhika. Oili ilikuwa pungufu, beringi ikafa, basi. Lakini kijana aliingia uwanjani na oili zaidi ya hiyo, hakuacha doa sakafuni, wala hakuona moshi. Fundi alitaka kujua ilikoenda. Alifungua mipira inayotoa pumzi ya injini kutoka kwenye vifuniko vya tapeti na kuirudisha kwenye njia ya hewa. Mpira wa kulia ulikuwa na unyevu kidogo. Wa kushoto ulichuruzika. Akashusha intakula, akaiinamisha juu ya beseni, na oili ikatoka humo taratibu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Alinichorea maelezo kwa chaki sakafuni. Gari likipinda kulia, oili hukimbilia kushoto, kama chai inavyopanda ukingo wa kikombe matatu inapokata kona. Tairi zikishika kiasi cha nguvu ya kona kuwa sawa na uzito wa gari lenyewe, uso wa oili hulala kwa nyuzi 45. Katika injini hii silinda hedi ziko pembeni, na ya kushoto huwa chini kabisa ya mteremko huo. Oili inayopandishwa kulainisha kemshafti za kushoto haiwezi kurudi kwenye sampu mpaka kona iishe. Hujikusanya kwenye hedi, hufika kwenye tundu la pumzi, na upepo wa injini huibeba hadi kwenye njia ya hewa. Kila raundi, kidogo. Mwishowe ile iliyobaki kwenye sampu inapohamia ubavuni, mdomo wa kunyonyea hubaki hewani. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki huzunguka mara 100 kila sekunde. Sekunde 3 za kona ni mizunguko 300 bila oili mpya.

Mpira wa kushoto kulowa na kona ndefu kupinda kulia ni mambo mawili yaliyotoka kwa mashahidi wawili wasiojuana. Hata hivyo fundi aliliita wazo lake “dhana”, akaenda kutafuta kitu cha kulipinga.

Alitoa plagi na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia. Mlipuko mbaya wa mafuta ndani ya silinda, ule unaopiga pistoni kama nyundo, huacha nukta za alumini kwenye kauri ya plagi na hula ukingo wa pistoni. Plagi zilikuwa safi. Injini ikashushwa kwa winchi, sampu ikafunguliwa. Bomba la kunyonyea alilijaza mafuta ya taa akaliacha limesimama, kwa kuwa ufa mdogo hapo hunyonya hewa badala ya oili. Halikuvuja. Pampu ya oili aliipima kwa fila geji, ikawa ndani ya vipimo.

Kuifungua injini hii ya silinda zilizolala kuna adabu yake. Bloku ni nusu mbili zilizofumbatana na krenki iko katikati, hivyo konrodi hazifikiwi mpaka nusu hizo zitengane, na nusu hazitengani mpaka pini za pistoni zitoke. Baada ya kutoa hedi, fundi alizungusha krenki mpaka pini ikalingana na tundu dogo la bloku, mbele kwa silinda ya 1 na ya 2, nyuma kwa ya 3 na ya 4. Akaingiza koleo lenye mdomo mrefu, akaishika klipu asiyoiona vizuri, akaitoa bila kuiangusha. Mara nne. Hakuna redio iliyokuwa ikilia, na msaidizi alishika tochi bila kutikisika.

Nusu zilipoachana, beringi zilipangwa juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda, kila nusu na mwenzake, alama za kalamu mgongoni. Ya silinda ya 4 ilikuwa imefutika kabisa, shaba wazi, pande zote mbili. Hilo la pande zote mbili ndilo alilolingoja. Mlipuko mbaya huumiza zaidi nusu ya upande wa konrodi, ile inayobeba pigo la pistoni. Uchafu huchora mistari. Njaa ya oili hufuta pote. Akazitazama nyingine tatu kwa zamu, na kila moja ilikuwa na ugonjwa ule ule katika hatua za mwanzo: kijivu kilichong’aa, ngozi imeanza kusogezwa, juu na chini. Kama ya 4 ingekuwa peke yake, angeshuku njia yake ya oili imeziba. Hata hivyo alipitisha waya na hewa kwenye tundu la krenki, likawa wazi. Beringi kuu za krenki, ambazo hupata oili kabla ya zile za konrodi, zilikuwa na mikwaruzo hafifu tu. Oili ilikuwa ikikatika na kurudi.

Ndipo akamwita mwenye gari, akamwonyesha vyote kwa mpangilio, kuanzia jagi. Hakumlaumu. “Gari lako lina nguvu, tairi zako zinashika. Sampu ya kawaida haikutengenezwa kwa kona ndefu namna hiyo.” Kijana aliuliza kama krenki imepona.

Fundi alichukua maikromita, akapangusa mdomo wake. Sehemu inayokaliwa na konrodi kwenye krenki hii ni milimita 52. Aliipima ile ya silinda ya 4 mahali pa kwanza, akageuza robo, akapima tena, kisha akasogea ukingoni na kurudia, na kila kipimo akakiandika. Haikuwa duara tena. Chini ya vipimo akaandika orodha: krenki ikasagwe, beringi za saizi ya chini yake, sampu yenye kuta za ndani, chombo cha kutenganisha oili na pumzi ya injini, geji ya presha. Akaikata karatasi kwenye daftari, akamkabidhi, akamwambia aanze na geji.