Neno "Shoga" na Hukumu za Watu

Wengi husema kwamba habari ya mwanamume ajionaye mwanamke imeletwa na wageni wa juzi. Msamiati wetu hauwaafiki. Mwaka 1870 Edward Steere alieleza kuwa "shoga" ni jina waitanalo wanawake marafiki. Akaongeza kuwa huko Lamu lina maana nyingine, ya mwanamume. Unni Wikan alipoandika mwaka 1977 kwamba makhanithi wa Sohar, Oman, ni jinsia ya tatu, Gill Shepherd alimpinga mwaka 1978 kwa ushahidi wa mashoga wa Mombasa. Hoja yake juu ya mali yafaa, ila yaipunguza mno nafsi ya mtu.

Oktoba 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, wenye Kinondoni na Temeke, alitangaza msako wa mashoga. Novemba Serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi. Hivyo neno la usuhuba limekuwa la mashtaka, wala halimtengi ampendaye mwanamume mwenziwe na ajionaye mwanamke. Watunga kamusi na wazitenge maana hizo. Kwani asiye na jina lake huhukumiwa kwa jina la mwingine.