Fundi Anayepima Kabla ya Kufungua

Volti gawanya kwa ampea, unapata omu, yaani ukinzani. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu. Hesabu yenyewe imekwisha hapo, na wengi wetu tuliiacha darasani siku ya mtihani. Mimi imenirudia kwa kumtazama fundi umeme wa mtaani kwetu. Kwake kugawanya na kuzidisha si kazi. Kazi ni kuhakikisha kwamba namba mbili anazoanza nazo ni za kweli, na hapo ndipo hana haraka hata kidogo.

Jioni moja mama mmoja alimletea birika la umeme. "Mwanangu, hili limechoka. Siku hizi linachelewa mno kuchemka, nibadilishie koili."

Fundi hakugusa bisibisi. Aliligeuza birika akasoma kibandiko cha chini: volti 230, wati 2000. Akaandika kwenye kipande cha boksi: 230 mara 230, gawanya kwa 2000, jibu omu 26.45. Huo ndio ukinzani ambao koili nzima ya birika hilo inapaswa kuwa nao. Kisha akalijaza maji, akalichomeka kwenye ekstensheni yake ya kupimia, ambayo waya wa moto umetolewa nje ya ganda la kebo ukae peke yake. Sababu yake ni nzuri: mita ya kubana ikizungushwa kwenye kebo nzima, mkondo unaokwenda na ule unaorudi hufutana, nayo husoma sifuri huku birika linanguruma. Akabana waya huo mmoja. Ampea 7. Kwenye tundu la jirani, mita ya pili ikasoma volti 185.

Alisubiri namba zitulie, akagawanya: 185 kwa 7, omu 26.4.

"Mama, birika lako zima. Umeme ndio mdogo."

Mama hakuridhika mara moja, na alikuwa na haki, kwa maana volti zilikuwa zimepungua kama sehemu moja tu ya tano. Fundi akazidisha mbele yake: 185 mara 7, wati 1295. Volti zinaposhuka, ampea nazo hushuka pamoja nazo, hivyo nguvu hupata pigo mara mbili. Birika la wati 2000 lilikuwa limepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake, na maji ya kuchemka kwa dakika 5 yalihitaji karibu 8. Mama aliondoka na birika lake bila kununua koili. Fundi alikosa mauzo kwa sababu ya hesabu yake mwenyewe, na kwangu hiyo ni heshima kubwa ya kazi.

Nilimuuliza kwa nini hakupima omu moja kwa moja, birika likiwa limezimwa. Alisema kwa birika ingefaa, kwa kuwa waya wa koili yake haubadiliki sana ukipata moto. Lakini chukua balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwaka kwa volti 230, ukinzani wake ni kama omu 880. Ipime ikiwa baridi, utapata kama sehemu ya kumi yake au pungufu, maana uzi wa tungsteni huongeza ukinzani sana unapopata joto. Anayeiamini namba ya baridi ataiona balbu hiyo kama mzigo wa mamia ya wati. Mita haikukosea, imepima kitu ambacho hakijaanza kazi.

Shida ya namna hiyo ya kupata kipimo cha kuaminika ilimsumbua Georg Simon Ohm, ambaye jina lake ndilo tunalolitamka kila tusemapo omu. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, Ujerumani, mtoto wa fundi makufuli. Betri za zama zake zilikuwa hazitulii. Nguvu zilishuka katikati ya kipimo. Basi akaziacha, akaunganisha shaba na bismuthi, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, akapata umeme mdogo sana ila usioyumba. Ndipo akapima nyaya za shaba za urefu tofauti, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827 na wengi hawakukijali. Nishani ya Copley ya Uingereza aliipata mwaka 1841.

Ila penye ufundi mtupu, kwa macho yangu, ni kwenye kiungo cha waya chenye skrubu iliyolegea. Ukinzani wake unaweza kuwa nusu omu tu, na mita ya kawaida haiaminiki hapo, kwa kuwa hata nyaya zake zenyewe zina ukinzani wa kuharibu jibu. Fundi huyu huacha mzigo ukiwa unafanya kazi, akagusa kwa ncha za mita upande huu na upande ule wa kiungo, mkono mmoja ukiwa mbali. Kiungo kizuri husoma karibu na sifuri. Kibaya aliwahi kunionyesha: volti 3.5, mkondo ukiwa ampea 7. Gawanya, nusu omu. Zidisha, karibu wati 25. Hizo ni wati za pasi ndogo ya kulehemia, ile inayoyeyusha risasi, na hapa ziko ndani ya soketi ya plastiki ukutani. Soketi nyingi zilizoungua huanza hivyo.

Kwa hiyo ukishika plagi ukaikuta ya moto, zima umeme, mwite fundi, na usimharakishe anapotoa mita yake.