Juu ya "Ufunguzi" na "Kujiuzulu" katika Sataranji

Tumeletewa tafsiri ya maelezo ya pambano la sataranji kati ya Wilhelm Steinitz na Curt von Bardeleben, lililochezwa katika mashindano ya Hastings, Uingereza, Agosti 1895. Mfasiri ni hodari. Ametumia kitunda pale ambapo wengine wangeandika "poni", nasi twampongeza. Hata hivyo, yapo maneno yaliyotukwaza.

Hatua za mwanzo ameziita "ufunguzi". Ufunguzi kwetu una mgeni rasmi na utepe. Wachezaji wa bao, ambao huanza kwa kuingiza kete za akiba ubaoni moja moja, huiita awamu hiyo namua, wala hawamsubiri waziri. Kwa sataranji sisi tungeridhika na mwanzo.

Mwanzo uliochezwa siku hiyo huitwa Giuoco Piano, maneno ya Kitaliano yenye maana ya mchezo wa utulivu. Mfasiri ameandika "Ufunguzi wa Utulivu". Lakini katika hatua ya 17 Steinitz anatoa kitunda kafara ili farasi wake apate njia, na kuanzia hatua ya 22 ngome yake inamtisha mfalme mweusi mara nne mfululizo, bila ya mtu kuthubutu kuila. Utulivu uko wapi? Msomaji atadhani mfasiri amekosea. Jina la mwanzo ni jina tu. Hata Dar es Salaam hatuifasiri kila tunapoitaja. Libaki Giuoco Piano, na maana yake ielezwe mara moja.

Kosa zito liko mwishoni. Tafsiri yasema kwamba Bardeleben "hakujiuzulu". Ajiuzulu cheo gani? Anayejiuzulu huacha wadhifa. Mchezaji aliyeshindwa husalimu amri. Na hapa ndipo palipo kiini cha kisa chote: Bardeleben hakusalimu amri. Aliinuka kimya, akatoka ukumbini, akaiacha saa yake imalizike, naye Steinitz akabaki akiwaonyesha watazamaji jinsi mfalme yule ambavyo angeuawa. Kwa neno lile moja, utovu wa adabu uliokumbukwa tangu 1895 umegeuka habari ya mtu aliyeendelea na kazi yake.

Twaomba sehemu hizo zirekebishwe kabla ya maandishi kupigwa chapa. Kitunda kisiguswe.